Maji ya Kituo cha Tatu

Haya, tulieni. Wiki nzima mmenikosesha raha: mgongo ule wa pichani ni wa nani, mgongo ule ni wa nani! Hata muuza magazeti wangu kaniuliza kabla hajanipa chenji. Leo nawaambia, na atakayelia asinilaumu mimi.

Mgongo ni wa mumewe.

Mama Faili hakuhitaji kuona uso. Mwanamke aliyemfulia mume mashati miaka kumi na sita hahitaji uso. Lilikuwa shati la mistari ya buluu, na begani lina kiraka alichokishona yeye mwenyewe kwa uzi wa kijani, kwa sababu siku ile dukani uzi wa buluu ulikuwa umekwisha.

Picha yenyewe ilikuwa ukurasa wa mia nne na kumi na mbili wa ripoti ya mgodi. Mgodi unataka cheti cha mazingira ili upanue bwawa lake la topesumu, yaani lile dimbwi kubwa wanamotupa tope lenye sianidi baada ya kukamua dhahabu. Ili wapewe, lazima wathibitishe kuwa bwawa la sasa halivuji, na kwamba mto unaopita chini yake ni safi. Na kazi ya Mama Faili pale mamlaka ya mazingira ni moja: kusoma ripoti za namna hiyo kabla kamati haijagonga muhuri. Anazisoma mpaka mkato wa mwisho. Jina hakulipata bure.

Chini ya picha wameandika: "Mtaalamu wa maabara akichota maji mtoni, kituo cha tatu." Mtaalamu kainama, chupa mkononi. Pembeni yake kasimama mwanamke aliyeiandika ripoti, mshauri wa mgodi, yule ambaye walinzi wa getini wamembatiza Buti Jekundu kwa sababu ya viatu vyake vya mpira. Na mkono wa Buti Jekundu umetua begani kwa mtaalamu. Umetua juu ya kiraka.

Tarehe kumi na nne. Siku hiyo mumewe, Baba Pacha, aliaga nyumbani kwamba anakwenda kumzika mjomba.

Mama Faili akaifunga ripoti. Akaifungua tena. Akausogelea ule mkono mpaka pua ikagusa karatasi, akahesabu vidole. Vinne vilionekana. Kidole gumba kilikuwa wapi? Wivu ukimpanda mtu hata kidole gumba anakitafuta.

Saa ya ukutani ilisema saa mbili na robo. Kamati inakaa saa nne kamili.

Akatoka kwenda kunawa uso. Kwenye korido, nani anakuja? Yeye mwenyewe, kabeba kompyuta yake, mabuti mekundu miguuni, anatembea kana kwamba sakafu imetandikwa kwa ajili yake.

"Shikamoo, mama," akasema Buti Jekundu, na goti akalikunja kidogo.

Shikamoo! Mwanamke wanayepitana umri kwa miaka minne, labda mitano! Mama Faili alihisi mvi zote alizonazo zikimsimama kichwani kwa pamoja.

"Marahaba," akajibu, meno yamebana.

"Nasikia ripoti yetu iko mezani kwako. Imekuchosha macho?"

"Macho yangu mazima, mwanangu," akasema Mama Faili, na hilo neno "mwanangu" alilitoa makusudi. "Nimeona hata vitu vidogo."

Buti Jekundu akacheka, akapita. Mama Faili akabaki anayaangalia yale mabuti yakiondoka. Yanang'aa. Hayana hata tone la tope. Ndipo kitu kikamgonga, na si cha mapenzi, ingawa kilipitia mlango huo huo.

Akarudi mbio mezani. Akaifungua ile picha, na safari hii hakuangalia mkono. Aliangalia miguu. Mabuti yale yale, kando ya mto, yanang'aa vile vile. Mama Faili amekagua mito tangu ana umri wa miaka ishirini na sita. Hajawahi kuuona mto usio na tope.

"Mzee Ramani!" akaita. "Mzee Ramani, njoo!"

Mzee Ramani ndiye mchora ramani wa ofisi. Ana kipara, ana kikohozi, amebakiza miezi mitatu astaafu, na hakuna asiyeogopa watu chini ya jua hili kama mtu aliyebakiza miezi mitatu. Yaani, hamwogopi yeyote.

"Dada, punguza sauti. Kuna nini?"

"Hapa kuna jedwali la vituo sita vya kuchotea maji. Kila kituo kimeandikiwa namba za mahali kilipo. Zipige kwenye kompyuta yako unionyeshe viko wapi."

"Lakini hivi viko mtoni. Imeandikwa hapa, kilomita nane za mto."

"Nimekwambia zipige."

Mzee Ramani akapiga namba, kidole kimoja kimoja kama anayetafuta punje ya mchele. Kituo cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Akasita. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa.

"Dada yangu, mto wenu umejikunja. Nukta zote sita zimekaa mahali pamoja."

"Wapi?"

Akaivuta picha ya kutoka angani, akaikuza, akaikuza tena. Likatokea paa la vigae. Vikatokea viti vya kulalia na miavuli. Katikati, buluu tupu, umbo la figo, likatokea bwawa la kuogelea.

"Hoteli," akasema Mzee Ramani. "Na kutoka hapa hadi mtoni ni kilomita arobaini." Akakohoa. "Sasa hawa watu, kama ni kudanganya, si wangenakili namba za mto kutoka ramani yoyote? Nani mjinga wa kuandika namba za hoteli?"

Mama Faili alijua nani. Mtu aliyechota maji miaka kumi na minane, kila anapojaza chupa anabonyeza kijimashine cha jipiesi, kile kinachosoma mahali ulipo. Jaza, bonyeza. Jaza, bonyeza. Mkono umeshazoea, haumuulizi mwenyewe. Hata akichota bwawani kwa wizi, mkono utabonyeza tu, kijimashine kitaandika kilipo, na karani wa mshauri atazipeleka namba zote kwenye jedwali bila kutazama. Ndivyo mumewe alivyojiandikia hati ya mashtaka, mara sita.

Akafungua majibu ya maabara. Hakuna sianidi. Hakuna zebaki. Lakini safu ya mwisho, ambayo hakuna mtu huwa anaisoma, ilikuwa na klorini. Klorini, ndugu zangu, dawa wanayotia kwenye mabwawa ya kuogelea ili wageni wasipate upele! Mto gani unatiwa dawa?

Kwa hiyo ushahidi anao. Mgodi hautapata cheti. Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Mnajua Mama Faili aliwaza nini? Aliwaza: hoteli. Walikwenda hoteli.

Akatoa nakala ya picha, akatoa nakala ya ramani, akashuka ngazi.

Maabara ya mamlaka, anakofanya kazi mumewe, iko ng'ambo ya ua, jengo lenye feni inayolia mchana kutwa. Baba Pacha alikuwa kwenye sinki na koti lake jeupe, anasuuza chupa, anapiga mluzi.

"Mama Pacha! Leo umenitembelea?"

"Mjomba ulimzika siku gani?"

"Mjomba gani?"

Wanaume wenzangu, jamani. Ukidanganya, andika mahali!

"Uliyemzika tarehe kumi na nne."

"Aaah, mjomba!" Akafunga bomba. "Si hiyo hiyo tarehe kumi na nne."

Akamwekea picha mezani. Baba Pacha aliitazama, akashusha pumzi, akacheka kidogo.

"Kumbe ni hili tu? Mke wangu, hii ni kazi. Ni kibarua cha pembeni. Mgodi walitaka mtu wa kuwachotea maji, nikaenda. Nilishindwa kukwambia kwa sababu ripoti inaishia mezani kwako. Si mapenzi. Haki ya Mungu, si mapenzi."

Na Mama Faili, msomi wa watu, mkaguzi mkuu, akajisikia kucheka. Kifua kilimfunguka. Si mapenzi! Kama kuna aibu aliyoibeba hadi leo ni ile nusu dakika, aliposahau mto mzima na watu wake kwa sababu mume kasema si mapenzi.

Halafu akaiweka ramani juu ya picha.

"Na hicho kibarua mlikifanyia bwawani?"

Feni ililia. Baba Pacha akalamba midomo.

"Mto ulikuwa umejaa. Njia haikupitika."

"Tarehe kumi na nne kulikuwa na kiangazi."

"Gari liliharibika."

"Gari liliharibika hotelini?"

"Mama Pacha, sikiliza..."

"Nisikilize nini? Watu wangapi wanakunywa mto ule? Mama yako mwenyewe anauchota asubuhi na jioni! Mama mkwe wangu!"

"Mama nilimpelekea tangi!"

Alipolisema tu, akajua alichokisema. Mama Faili naye akajua. Tangi la maji ya mvua, lita elfu mbili, lilikwenda kwa mama mkwe mwaka jana. Mtaa mzima ulimsifu kijana anayemjali mama yake, na Mama Faili alijisifu kwa wenzake ofisini kuwa ana mume. Kumbe tangu mwaka jana anajua bwawa la mgodi linavuja. Kamtoa mama yake mtoni, wengine kawaacha waendelee kunywa.

Sasa hapo, wasomaji, mtu mwenye akili zake angeuliza sianidi ni kiasi gani. Mama Faili akafungua kinywa, akauliza:

"Mlilala chumba kimoja?"

Baba Pacha akageukia sinki. Alichukua chupa nyingine, akaanza kuisuuza, na chupa yenyewe ilikuwa safi.

Basi. Jibu akalipata.

"Ukisimama mbele ya kamati," akasema Baba Pacha bila kugeuka, "watasema ni wivu wa mke. Watakucheka. Nakuomba usiende."

"Watakuwa hawajakosea," akasema Mama Faili, na akamwacha na sinki lake.

Saa nne kamili. Chumba cha kamati kina meza ndefu, chupa za maji, na vitambaa vya kijani ambavyo havijafuliwa tangu vinunuliwe. Mwenyekiti amekaa kichwani mwa meza. Wajumbe watano wamekaa, na kila mmoja ameshasaini karatasi inayosema ameisoma ripoti yote, kurasa mia tano na tisa. Meneja wa mgodi ameketi karibu na mlango, mbele yake cheti chenyewe kimeshachapwa, kinangoja sahihi tu.

Buti Jekundu akaonyesha picha ukutani. Sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto.

"Waheshimiwa, maji ya mto ni safi katika vituo vyote sita. Bwawa halivuji. Tunaomba cheti."

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Mwenyekiti akasema, "Kama hakuna neno..."

"Lipo," akasema Mama Faili, akasimama. "Kanuni inanitaka kwanza nitaje maslahi yangu. Mtaalamu aliyechota maji haya ni mume wangu."

Wajumbe wakaangaliana. Buti Jekundu akainamisha kichwa upande mmoja, uso umejaa huruma ya uongo.

"Mwenyekiti, samahani. Naona hapa yameingia mambo ya nyumbani. Mimi na mtaalamu tunafanya kazi kwa karibu, na kuna watu hawalali kwa sababu hiyo. Mama, pole."

Mjumbe mmoja akacheka, wa pili akamfuata. "Dada," akasema wa tatu, "wivu si hoja ya kitaalamu. Uache nyumbani."

Hapo mwingine angekaa. Mama Faili akaona uso wake unawaka, akaona mkono wa yule mwanamke umetulia juu ya meza, na safari hii kidole gumba kinaonekana, kina kucha ndefu iliyopakwa rangi. Akakitazama kile kidole, akapata nguvu.

"Ndiyo, nina wivu," akasema. "Ninao hadi kwenye kucha. Wivu ndio umenifanya nisome ukurasa ambao ninyi nyote mmesaini kuwa mmeusoma. Mzee Ramani, weka."

Mzee Ramani akaweka. Nukta sita zikatua ukutani. Zikafuata paa la vigae, miavuli, bwawa lenye umbo la figo.

Hakuna aliyecheka tena.

"Hivi ndivyo vituo sita vya mto. Na hii hapa ni klorini, majibu ya maabara, safu ya mwisho. Mheshimiwa mjumbe, wewe uliyeniambia niache wivu nyumbani, mto gani unaujua una klorini?"

Mjumbe akaangalia chupa yake ya maji. Meneja wa mgodi akatoa leso, akajipangusa shingo. Mwenyekiti akaisogeza kalamu mbali na cheti, wote wakaiona inavyosogea. Mama Faili alikuwa ameshinda! Angekaa pale pale, ningekuwa nimewamalizia hadithi.

Hakukaa. Alitaka amzike mwenzake kabisa, udongo na jiwe juu.

"Na kuna jambo moja zaidi, Mwenyekiti. Kanuni inasema maji ya kuombea cheti lazima yachotwe mbele ya mkaguzi wa mamlaka, na mkaguzi huyo aweke sahihi kwenye fomu ya ushuhuda. Fomu hiyo haimo kwenye ripoti. Nani kati ya wakaguzi wetu aliuza sahihi yake? Naomba fomu iletwe kutoka maabara, tumjue."

"Na iletwe," akasema Buti Jekundu.

Alilisema upesi mno. Mzee Ramani akamgeukia Mama Faili, akakunja uso.

Dakika tano zilipita. Mlango ukafunguka, akaingia Baba Pacha na faili la buluu. Mama Faili akamwangalia mumewe. Mume, alipoingia, jicho lake la kwanza lilikwenda kwa Buti Jekundu. La kwanza! Kwa mkewe halikufika kabisa. Katika yote ya siku ile, mapenzi na sumu, hilo ndilo lililomkata maini.

"Mtaalamu," akasema Mwenyekiti, "maji haya uliyachotea wapi?"

"Mtoni, Mwenyekiti. Namba za mahali zilikosewa na kijimashine. Klorini ni ya chupa, hatukuzisuuza vizuri. Lakini mkaguzi alikuwepo vituo vyote, alishuhudia, fomu hii hapa."

Mwenyekiti akaisoma fomu. Akaisoma mara ya pili. Kisha akaitelezesha juu ya meza, polepole, mpaka ikafika mbele ya Mama Faili.

"Mimi niliyeweka sahihi hapa nathibitisha kuwa nilikuwepo wakati maji yakichotwa mtoni, vituo vyote sita." Chini yake namba ya kazi, namba yake. Chini ya namba kuna sahihi, yenye mkia mrefu na nukta mbili.

Haikuwa ya kughushi. Angekuwa mtu mwingine angepiga kelele kwamba wameghushi, lakini yeye anaujua mkono wake. Akajiona mezani nyumbani, Jumatatu asubuhi, pacha wanagombania soksi, chai inafurika jikoni, na Baba Pacha anateremsha karatasi iliyokunjwa karibu na sahani: weka sahihi hapo chini mke wangu, ni fomu ya bima ya watoto, nimechelewa. Akaweka. Hakuikunjua. Mwanamke anayesoma kurasa mia tano na tisa za watu baki hakusoma mistari mitatu ya mume wake, kwa sababu alikuwa mume wake.

"Mwenyekiti," akasema Meneja wa mgodi, na leso ilikuwa imesharudi mfukoni, "kama mkaguzi wenu mwenyewe alikuwepo mtoni, basi kilichokosea ni ramani. Na kama hakuwepo, basi tuna mkaguzi aliyesaini uongo, na hoja zake zote za leo ni za mwongo. Kwa vyovyote, cheti chetu kina tatizo gani?"

"Mkaguzi," akasema Mwenyekiti. "Nakuuliza mara moja. Sahihi hii ni yako au si yako?"

Akikana, atakuwa amedanganya mbele ya kamati, na mtu yeyote mwenye macho atailinganisha na sahihi zake elfu moja za masjala. Akikubali, mto umekwisha. Baba Pacha alikuwa anaangalia sakafu. Buti Jekundu alikuwa anamwangalia yeye, na hakuwa anatabasamu tena, alikuwa anangoja tu.

"Ni yangu," akasema Mama Faili. "Lakini..."

Meneja alikuwa ameshakisukuma cheti mbele ya Mwenyekiti, na Mwenyekiti alikuwa anainyooshea mkono kalamu aliyoisogeza mwenyewe.